Kaza Waya, Acha Njia: Uzio wa Minjila na Amani ya Majirani

Minjila ni njia panda. Anayetoka Malindi akifika hapa huamua ashike barabara ya Hola na Garissa au akate kuelekea Witu na Lamu. Mabasi husimama, malori hupita, na ng'ombe huvuka lami taratibu wakifuata maji ya Mto Tana. Kuanzia viwanja vya nyumba kando ya barabara hadi mashamba ya mahindi, ndizi na mpunga kwenye bonde la mto, seng'enge imekuwa sehemu ya mandhari. Lakini ni kawaida kuikuta imelala: mstari wa juu unaning'inia, wa kati umeshikizwa kwa kamba ya nailoni, wa chini umemezwa na nyasi.

Mwenye shamba alitumia fedha nyingi kununua mizingo ile ya waya na kuchimbia nguzo. Siku uzio uliposimama alidhani kazi imekwisha. Msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi baadaye, mbuzi wanaingia na kutoka. Si waya uliokwisha, wala si nguzo zilizooza. Waya umelegea tu, na hakuna aliyeukaza.

Makala haya yanahusu kazi hiyo ndogo inayopuuzwa ya kukaza waya kwa chombo cha mkono. Katika sehemu nyingine za Kenya hilo lingekuwa jambo la mkulima na shamba lake. Hapa delta ya Tana, ambapo mkulima na mfugaji wanaishi mgongo kwa mgongo, uzio uliolegea ni jambo la kijiji kizima.

Milimita tisa

Watu wengi hudhani waya ukishuka sana ni kwamba umeongezeka urefu mwingi. Hesabu inasema vingine. Chukua nguzo mbili zilizo umbali wa mita 3. Waya uliovutwa sawasawa kati yake ukipata ziada ya milimita 9 tu, yaani chini ya upana wa kidole, utashuka kwa sentimita 10 katikati. Zikiwa mita 5, milimita zile zile 9 zitaushusha kwa takriban sentimita 13. Hiyo ndiyo sababu anayeokoa fedha kwa kutawanya nguzo mbali mbali huzilipa baadaye kwa uzio usiosimama.

Sasa tazama nguzo ya kona. Ikiinama kwa sentimita 5 tu kuelekea ndani, na waya uwe umebanwa kabisa kwa misumari kwenye nguzo zinazofuata, ulegevu wote unaangukia kipande cha mwisho. Katika nafasi ya mita 3, kipande hicho kitashuka karibu sentimita 24. Hilo ni pengo la kupitisha ndama kichwa, na ng'ombe akishapitisha kichwa, shingo na mabega hufuata.

Minjila ina sababu zake za kulegeza waya. Ya kwanza ni udongo. Bonde la Tana limejaa udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Nyufa za kiangazi humeza mkono. Nguzo iliyosimama wima mwezi wa Machi huyumba baada ya mvua za masika, kisha hukauka ikiwa imepinda. Nguzo ya kati ikiyumba si hoja sana, ila ya kona ikiyumba, mistari yote imepotea.

Sababu ya pili ni jua. Chuma hurefuka kikipata joto. Kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, mita 100 za waya hurefuka kwa takriban milimita 12. Waya uliokazwa alfajiri huwa umelegea ifikapo saa saba mchana, na ule uliovutwa kwa nguvu zote wakati wa jua kali hujivuta zaidi usiku na kuzing'oa nguzo dhaifu. Fundi mwenye busara hukaza kwa kiasi, asubuhi jua likishapanda kidogo.

Ya tatu ni mnyama mwenyewe. Ng'ombe haruki seng'enge, huiegemea. Huona majani mabichi upande wa pili, akaingiza shingo kati ya mistari na kusukuma kidogo kidogo, leo na kesho na kesho kutwa. Mbuzi hutafuta chini, ngiri huchimba. Na kiboko, ambaye hutoka mtoni usiku kwenda kula nyasi na ambaye uzani wake unaweza kuzidi kilo 1,000, hasimamishwi na seng'enge ya kawaida hata ikikazwa vipi. Ni vizuri kusema hilo wazi ili mtu asidanganyike: uzio wa waya wa miba ni wa mifugo. Kwa kiboko na nyati panahitajika mbinu nyingine.

Ya nne ni mafuriko. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, na maji yake hutoka mbali, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mvua ikinyesha huko juu na mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakafurika, delta hupata maji hata siku ambayo Minjila haikuona wingu. Mwishoni mwa 2023 na tena mwaka 2024 maji yalikata barabara ya kwenda Lamu katika eneo la Gamba. Maji kama hayo yakipita kwenye uzio huja na magogo, mabua na magugu. Takataka zikishika kwenye waya, uzio hugeuka bwawa, na nguvu ya mto hulaza mstari mzima.

Chombo chenyewe

Mafundi wengi hukaza waya kwa nyundo ya makucha. Huunasa mwiba wa waya kwenye makucha, wakaegemeza kichwa cha nyundo kwenye nguzo na kusukuma mpini. Ni njia ya haraka, nayo inafaa kwa kipande kifupi. Ubaya wake ni kwamba mkono mmoja unashikilia mvuto wote huku wa pili ukitafuta msumari, na nyundo ikiteleza waya hurudi kwa kasi. Wengine hufunga waya kwenye pikipiki au trekta wakavuta. Mashine haina kipimo cha mkono: hujui waya umefikia wapi mpaka ukatike.

Chombo cha kukazia waya ni kitu cha kubebwa kwa mkono mmoja. Aina inayofahamika zaidi ina mkono wa chuma, mnyororo mfupi, na taya mbili za kuuma waya. Taya zina tabia moja nzuri: kadiri waya unavyovutwa, ndivyo zinavyouma zaidi. Unashikisha taya ya kwanza kwenye waya uliotoka kwenye nguzo na ya pili kwenye mwisho wa waya unaotaka kuuvuta. Unasukuma mkono, mnyororo unasogea pingili moja. Unaurudisha mkono, unasukuma tena. Kila pingili inayopatikana inabaki mahali pake, haikuponyoki. Mtu mmoja mwenye nguvu za kawaida anavuta mita 100 za seng'enge bila msaidizi, na mikono yake yote miwili inakuwa huru wakati wa kufunga fundo.

Kuna aina ya pili, ile inayoachwa ndani ya waya. Ni kijigurudumu chenye meno na kijino kinachokizuia kisirudi nyuma. Waya huzungushwa humo kwa mpini au spana, na miezi mitatu baadaye, ukilegea, unarudi na kuuzungusha tena mara moja au mbili bila kung'oa msumari hata mmoja. Kwa anayeanzisha uzio mpya, kuweka kimoja cha aina hii kwenye kila mstari ni akiba ya jasho la miaka.

Ya tatu ni koleo maalumu la kukunja waya. Hufinya waya ukawa na mkunjo wa herufi Z, na mkunjo huo hula ulegevu mdogo pale pale katikati ya nguzo mbili. Yafaa kwa waya laini na wavu. Kwenye seng'enge itumike kwa uangalifu, kwa kuwa kila mahali waya unapokunjwa sana ndipo utakapokatikia siku moja.

Vyombo hivi vina historia. Baada ya Joseph Glidden wa Illinois, Marekani, kupata hataza ya waya wa miba mwaka 1874, wafugaji wa nchi nyingi walipata uzio wa bei nafuu, wakapata na shida mpya ya kuuweka ukiwa umekazika. Huko Otago, New Zealand, fundi Ernest Hayes, ambaye karakana yake ilitengeneza zana za wakulima, alibuni mwaka 1924 chombo cha kukazia waya kilichoenea hadi nchi za ng'ambo, na jamii ya vyombo hivyo inauzwa mpaka leo. Shida aliyoitatua ndiyo hii ya Minjila: mkulima yuko peke yake shambani, waya ni mrefu, na mikono ni miwili.

Jinsi ya kukaza

Kosa kubwa ni kuanza na waya. Anza na nguzo ya kona. Itikise. Ikicheza, hakuna chombo kitakachokusaidia, maana utakuwa unaivuta nguzo badala ya kuukaza waya. Ichimbie upya, kina kisipungue futi mbili, na kwenye udongo mweusi wa bondeni nenda chini zaidi. Shindilia udongo tabaka kwa tabaka kwa kitako cha mtaimbo. Kisha iwekee mwega, yaani mti wa mshazari unaoisukuma kinyume na upande waya unakoivuta. Kona isiyo na mwega ni suala la muda tu kabla haijainama.

Kuhusu miti, delta haina uhaba wa ujuzi. Pwani inajua boriti za mikoko kutoka Kipini na Lamu, na wakazi wa Tana River wanaijua mathenge, mti ule wa miiba ulioletwa kupambana na jangwa kisha ukavamia malisho. Mathenge ni mgumu na upo tele. Kuukata kwa ajili ya nguzo ni kupunguza adui na kupata kifaa kwa pigo moja. Tahadhari ni mchwa: gome liondolewe na mti ukaushwe kabla ya kuchimbiwa.

Ukishaiamini kona, tembea mstari mzima ukiwa na nyundo na koleo. Ondoa mimea inayotambaa na takataka zilizonasa. Kisha tazama misumari ya U inayoshikilia waya kwenye nguzo za kati, maana hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Msumari ukipigwa mpaka ukaubana waya kwenye mti, waya hauwezi kuteleza, na ukivuta kutoka kona moja unakaza kipande cha kwanza peke yake. Msumari uachwe na nafasi ndogo ili waya upite kama uzi kwenye tundu la sindano. Halafu usipigwe ukiwa wima kabisa, mguu mmoja juu ya mwingine, kwa kuwa miguu yote miwili ikifuata mshipa mmoja wa mti, nguzo hupasuka. Uugeuze kidogo upande.

Sasa ndipo chombo kifanye kazi. Shikisha taya, vuta polepole, kisha simama utembee hadi katikati ya mstari uusukume waya kwa kiganja. Ukirudi mahali pake wenyewe, umetosha. Usishindane nao. Seng'enge ni nyaya mbili zilizosokotwa, na ule msokoto ndio unaoipa unyumbufu wa kupokea shingo ya ng'ombe na kurudi. Ukivuta mpaka msokoto ukanyooka, umeua unyumbufu huo. Anza na mstari wa juu au wa chini, lakini ukimaliza wote rudi kwenye ule wa kwanza, kwani kona huwa imesogea kidogo na mstari wa kwanza kulegea.

Na usalama, tafadhali. Waya uliokazwa ukikatika huruka kwa kasi na miiba yake. Vaa glavu za ngozi, suruali ndefu na miwani ya kukinga macho. Simama nguzo ikiwa kati yako na waya unaovutwa. Watoto wakae mbali. Anayechomwa na waya wenye kutu aende zahanati kuuliza chanjo ya pepopunda, asingoje jeraha livimbe.

Mahali ambapo uzio unavuka korongo au mkondo wa maji, usiufunge kama pengine. Kipande hicho kiwe cha peke yake, kimefungwa kwa waya mwembamba kwenye nguzo za pande mbili, ili mafuriko yakija kiachie chenyewe na kuuacha uzio uliobaki umesimama. Kukirudisha kipande kimoja ni kazi ya asubuhi moja. Kunyanyua uzio wote ulioburutwa na mto ni kazi ya msimu.

Mbuzi mmoja, maneno mengi

Kwa nini haya yote yapewe ukurasa wa gazeti? Kwa sababu hapa tunakaa na kumbukumbu nzito. Wapokomo hulima kingo za mto. Waorma na Wawardei hufuga na wanahitaji mto ule ule wakati wa kiangazi. Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa. Septemba ikafuata Chamwanamuma na Kilelengwani, na Desemba ikafuata Kipao. Mauaji ya miezi hiyo yalipita watu 100, wakiwemo wanawake na watoto. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka.

Chanzo cha umwagikaji ule wa damu hakikuwa kimoja. Kulikuwa na siasa, ardhi, silaha na chuki za miaka. Lakini malalamiko yaliyorudiwa kila mara yalikuwa yale yale mawili: ng'ombe wameingia shambani, na njia ya kwenda mtoni imezibwa. Uzio unagusa yote mawili. Uliolegea unaleta la kwanza, uliowekwa mahali pasipofaa unaleta la pili.

Fikiria kesi inayofika mbele ya wazee. Mwenye shamba anaonyesha mahindi yaliyoliwa. Mfugaji anaonyesha waya uliolala chini na kuuliza mtoto mchungaji angeuonaje mpaka ambao hata mwenyewe hakuutunza. Nani alipe? Wazee wa Gasa kwa upande wa Wapokomo na wa Matadeda kwa upande wa Waorma wana hekima ya kutatua mengi, lakini uzio uliolegea unawanyima ushahidi. Uzio uliokazwa unaondoa utata: mnyama akiingia, ama amefunguliwa lango ama waya umekatwa. Kosa linaonekana, mkosaji anajulikana, fidia inakadiriwa, na mambo yanaishia barazani.

Malka isizibwe

Ila kukaza waya si ruhusa ya kuufunga mto. Delta inazo malka, njia za kale ambazo mifugo hupitia kwenda kunywa maji, ambazo wazee wa pande zote mbili walizikubali tangu zamani. Shamba likizungushiwa uzio mpaka likaziba malka, kadiri waya unavyokazwa ndivyo ugomvi unavyokazwa. Ng'ombe mwenye kiu hageuki nyuma, wala mfugaji aliyeona mifugo yake ikifa kiangazi hawezi kuridhishwa na maneno.

Kenya imejifunza mahali pengine gharama ya uzio usiofikiriwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walionya kwamba nyua zilizokuwa zikiongezeka kwa kasi katika eneo pana la Mara zilikuwa zinakata njia za wanyamapori na mifugo na kuhatarisha mfumo mzima wa malisho. Upande wa pili upo uzio wa umeme wa Aberdare, wenye karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009 na kulinda msitu na mashamba ya majirani. Ule wa Aberdare ulipangwa kwa pamoja na una watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuutembelea na kuutengeneza. Pasipo mpango na pasipo utunzaji, waya ni chuma kilichotapakaa tu.

Delta ya Tana iliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya ardhioevu ya Ramsar mwaka 2012, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni ya jamii, chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kwa hiyo kabla ya mtu kuchimbia nguzo ya kwanza, aulize: hapa palipita nini? Majirani waitwe, malka ionyeshwe, na upana wake ukubaliwe mbele ya wazee wa pande zote. Palipo na malka, uzio wa kila upande wake ndio unaopaswa kukazwa kuliko wote, kwa kuwa hapo ndipo ng'ombe mia wenye kiu wanapita hatua chache kutoka kwenye mahindi mabichi. Nguzo zisogezwe karibu, mistari iongezwe, na ulegevu usivumiliwe hata wiki moja.

La kufanya

Si lazima kila kaya inunue chombo chake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikundi cha wakulima, chama cha akina mama wenye bustani za mboga au kamati ya shule inaweza kununua kimoja na kukizungusha kwa zamu, pamoja na jozi mbili za glavu. Chuo cha ufundi kinaweza kuwafundisha vijana kazi hii kwa siku chache, nao wakapata kipato cha kutembelea uzio wa watu kila baada ya mvua. Shule na zahanati zilizozungushiwa seng'enge kwa fedha za umma ziwe na mtu anayejulikana wa kuikagua, kwa kuwa mradi huzinduliwa kwa sherehe na kuachwa bila fundi. Na serikali ya kaunti inapotoa waya kwa wakulima, itoe na chombo cha kuukazia, pamoja na fundi wa kuwaonyesha.

Kwa mwenye uzio, ratiba ni nyepesi. Kagua baada ya masika, kagua baada ya vuli, kagua kila baada ya mafuriko. Shika kona kwanza. Usingoje mistari yote ilale. Ukiona mmoja umeshuka, ukaze siku hiyo hiyo.

Na kwa mwenye ng'ombe: ukiona waya wa jirani umelegea unapopitisha mifugo, mwambie kabla ndama hajaingia. Ukijua kukaza, msaidie. Mwenye shamba naye, ukiwa na chombo mkononi, hakikisha malka iko wazi kabla ya kuvuta pingili ya kwanza. Waya wa Minjila ukazwe, na njia ya maji iachwe. Moja bila jingine halitatuletea amani.